Namna ya kuandika utoto wa bibi Myahudi aliyekulia Tashkent

Habari zenu ndugu zangu. Hii nawaandikia hasa nyie mnaofanya kazi ya kulea wazee huku Marekani, najua tuko wengi, Wabongo, Wakenya, Wakongo, na kama uko New York pande za Brooklyn au Queens basi ukikaa sana utapangiwa mzee anayeongea Kirusi, halafu baada ya siku mbili tatu unagundua kumbe si Mrusi, ni Myahudi, na Urusi yenyewe labda hajawahi kuishi, kakulia Ukraine au Moldova au Uzbekistani. Bibi ninayemwangalia mimi alizaliwa Kharkiv, Ukraine, mwaka 1938 akakulia Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistani. Nina miaka mitatu naye, na mwaka huu wa mwisho tumekuwa tunaandika habari za utoto wake kwenye daftari kwa ajili ya wajukuu zake. Wenzangu kadhaa wameniuliza nafanyaje maana wazee wao hawasemi kitu, basi nimeona niandike yote hapa.

La kwanza kabisa, usimuulize "kuwa Myahudi kule kulikuwaje?" Mimi nilimuuliza hivyo hivyo siku ya kwanza, akanijibu "kawaida tu, kwetu wote tulikuwa sawa," akageukia tivii yake. Si kwamba alikuwa ananificha. Swali lenyewe ni kubwa mno, halina mlango wa kuingilia. Muulize habari za uani. Uani ndiko vyote vilipokuwa.

Kabla hujaanza

Omba ruhusa, kwake mwenyewe kwanza halafu kwa watoto wake, na kama uko chini ya ejensi soma masharti yao kuhusu kurikodi. Kuna mahali nilifanya kazi zamani mwenzetu mmoja alirikodi mzee kwa simu bila kusema, alikuwa na nia nzuri kabisa, familia ikaja kusikia ikawaka na dada wa watu akaondolewa. Na kumbuka hawa wazee wamekulia nchi ambayo mtu anayeandika unachosema alikuwa wa kuogopwa. Bibi yangu miezi miwili ya mwanzo alikataa simu katakata, tukatumia daftari na kalamu, na kila siku kabla sijaondoka namsomea nilichoandika. Simu aliikubali mwenyewe baadaye, alipochoka kunisubiri niandike.

Halafu jina. Mzee wa Kisovieti, yaani wa ile nchi ya zamani iliyounganisha Urusi, Ukraine, Uzbekistani na nyinginezo, haitwi jina lake moja kama mtoto. Anaitwa jina lake na la baba yake, sawasawa na sisi zamani tulivyosema Mwanahamisi binti Juma. Karatasi ya kazi ilikuwa na jina lake moja tu, nami nikawa namwita hivyo mwezi mzima kama Wamarekani wanavyofanya, mpaka mjukuu wake akanielekeza. Siku nilipomwita na la baba yake aliweka kikombe chini akanitazama, akasema nani kakufundisha. Tangu siku hiyo tukawa watu.

Na hilo jina la baba lenyewe ni hadithi, usilipite. Wayahudi wengi wa umri ule baba zao walikuwa na majina mawili, la nyumbani na la kazini: Abram nyumbani anaweza kuwa Arkady ofisini, Moisey akawa Mikhail, na watoto wakabeba lile la ofisini. Muulize tu kwa upole: baba yako mama yako alimwitaje? Na kazini walimwitaje? Ukipata majina mawili ujue umeshapata ukurasa wa kwanza.

Mchoreshe ua

Hii ndiyo kazi yenyewe, ifanye taratibu. Chukua karatasi kubwa, mpe penseli, mwambie akuchoree ua aliokulia. Usimsaidie. Tashkent ya zamani ilikuwa na nyumba za chini zenye ua katikati, vyumba vinaangalia ndani, familia nyingi bomba moja na choo kimoja, yaani kwa mtu aliyekulia nyumba ya kupanga Kariakoo au Magomeni haelezwi mara mbili. Bibi alianza na mti wa mforosadi, kisha mfereji wa maji unaopita mbele ya nyumba wanaouita arik, kisha kile kitanda kikubwa cha mbao kinachowekwa nje watu wanakaa wanakunywa chai na kiangazi wanalala hapohapo. Milango ilikuja mwisho. Nane.

Sasa nenda mlango kwa mlango. Nani alikaa hapa, walitoka wapi, walikuja lini, kwa nini, nyumbani waliongea lugha gani, chakula chao kilinukia nini. Kwake mlango wa kwanza ulikuwa wa familia ya Kiuzbeki, wenye nyumba wa asili. Wa pili mjane wa Kitatari. Fundi viatu Muarmenia. Familia ya Kirusi, baba yao wa reli. Wayahudi wa Bukhara, bibi na binti zake na wajukuu wengi. Mwisho kabisa karibu na bomba chumba kimoja, yeye, mama yake na mama yake mdogo. Ile mingine miwili wapangaji walibadilika badilika, na baada ya 1956 mmoja ukapata Watatari wa Crimea.

Hapo "walikuja lini na kwa nini" usikubali jibu la "walikuwepo tu", manake uani pale wengi walikuwa wameletwa. Wewe jifunze tarehe chache nyumbani ili akikutajia jambo ujue liko wapi. Wakorea wa Mashariki ya Mbali ya Urusi walihamishwa kwa nguvu na serikali ya Stalin mwaka 1937, watu kama 172,000, wakatupwa Uzbekistani na Kazakhstani. Watatari wa Crimea walibebwa kwenye mabehewa mwezi Mei 1944, wakaishi chini ya uangalizi wa polisi hawaruhusiwi kwenda popote bila kibali mpaka 1956. Na Wayahudi wa Ukraine, Belarus na Urusi walifika 1941 na 1942 kwa treni wakikimbia Wajerumani. Bibi alifika na miaka mitatu. Wajerumani waliingia Kharkiv tarehe 24 Oktoba 1941, yeye na mama yake walikuwa wameshatoka, baba yuko jeshini, na baba hakurudi.

Muulize pia yeye ni Myahudi yupi. Mimi sikujua kama kuna wa aina mbili pale. Wa Bukhara wamekaa Asia ya Kati karne nyingi, lugha yao ni jamaa na Kitajiki, wanakula pilau, wanakaa chini kwenye magodoro. Hawa wa Ulaya waliongea Kiyidishi, na sikukuu yao ni samaki wa kusaga. Bibi anasema yule bibi wa Bukhara mwanzoni hakuamini kama mama yake ni Myahudi kweli, Myahudi gani hajui kupika pilau, na mama yake naye hakuamini kama wale ni Wayahudi, maana hakuna neno la Kiyidishi wanalojua. Waliaminiana kwenye mazishi, waliposikia dua ni ileile.

Jikoni anaongea zaidi

Kama umekwama, pika. Siku moja nilipika pilau yetu, bibi akaja na kigari chake mpaka mlangoni akasema hiyo harufu ni zira. Nikamwambia sisi tunaita jira. Akacheka mpaka machozi. Kumbe na chakula chenyewe wao wanaita plov, neno ni lilelile limetembea njia mbili. Basi akanifundisha ya Tashkent: karoti nyingi, nyingi kweli, zinakatwa vijiti kwa kisu wala hazikwaruzwi, mafuta ya pamba yanachemshwa mpaka yatoe moshi, kitunguu, nyama, karoti, jira, maji, mchele juu na hakuna kukoroga hata mara moja. Waislamu wa uani walitia mafuta ya mkia wa kondoo. Wa Bukhara walikuwa na yao ya Sabato, inawekwa jikoni Ijumaa kabla jua halijazama inaiva polepole usiku kucha, kwa sababu Sabato hawashi moto. Hayo yote kaniambia anakata karoti, mtu ambaye mwezi mzima aliniambia wote walikuwa sawa.

Maneno nayo yanafungua. Kiuzbeki kina kitob, daftar, dunyo, choy, na asante yao ni rahmat. Mwambie mzee wako maneno yetu, kitabu, daftari, dunia, chai, rehema, halafu nyamaza umsikilize. Bibi alikuwa na miaka thelathini hajaongea Kiuzbeki na mtu, tangu alipohama 1990, na siku hiyo yakamtoka yote mpaka mashairi ya watoto. Kisha muulize kila lugha iliongelewa wapi. Kwao Kirusi shuleni, Kiuzbeki uani na sokoni, na Kiyidishi ndani mlango umefungwa, tena mama na mama mdogo wakitaka watoto wasielewe. Kwa hiyo alichojua cha Kiyidishi ni maneno ya siri, ya hela, ya magonjwa, na ya watu waliokufa.

Halafu ile mikate ya Pasaka yao, isiyotiwa chachu, matza. Hii naiandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa. Mama yake aliifuata usiku mji wa zamani, kwa watu waliooka kwa siri siri, akairudisha ndani ya foronya nyeupe, foronya ikawekwa juu ya kabati, na watoto wakaambiwa mtu wa nje akiuliza ni biskuti. Lakini uani kuna desturi kama ya kwetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Sasa yule mama wa Kiuzbeki alileta sumalak, uji mtamu wa ngano iliyochipua unaopikwa usiku kucha siku za Navruz, sikukuu yao ya mwaka mpya mwezi Machi, na Navruz na Pasaka zinakaribiana. Sahani imekaa mezani, ndani ya nyumba hakuna kingine. Mama akashusha foronya, akavunja vipande vya matza akapanga kwenye sahani, akaifunika na kitambaa akampa binti yake apeleke. Bibi alikuwa na miaka saba. Akafika mlangoni akasema mama kasema hizi ni biskuti. Yule mama akafunua, akaangalia, akavunja kipande akala, akasema ndiyo mwanangu, biskuti nzuri sana, mwambie mama rahmat. Kila mwaka ikawa hivyo, kila mwaka ni biskuti. Uani wote walijua na hakuna aliyesema.

Yale ya shule, majira ya baridi ya 1953 na mstari wa tano

Ukishafika hapo mzee ameshazoea, unaweza kwenda kwenye mambo magumu, ila bado nenda kwa vitu, usiende kwa hisia. Usiseme "ulibaguliwa?" Muulize kuhusu daftari la mahudhurio la darasa. Shule za Kisovieti daftari la mwalimu lilikuwa na ukurasa nyuma wenye majina ya wanafunzi, kazi za wazazi, na taifa la kila mtoto. Mwalimu akitoka watoto wanalifungua wanasoma kwa sauti. Bibi anakumbuka rangi ya jalada lile, anakumbuka alikuwa dawati la pili dirishani, na anakumbuka jina lake lilivyosomwa na neno "Myahudi" likifuata na darasa likanyamaza kidogo halafu wakaendelea na mwingine. Hakuna aliyemtukana. Kuanzia siku ile alitamani kila asubuhi daftari lipotee.

Tarehe ya kumuuliza kila mzee wa Kiyahudi wa umri huo ni 13 Januari 1953. Siku hiyo magazeti ya Moscow yalitangaza kwamba madaktari, wengi wao Wayahudi, wamekamatwa kwa kula njama ya kuwaua viongozi. Ulikuwa uongo mtupu. Stalin alifariki tarehe 5 Machi, na tarehe 4 Aprili ikatangazwa kwamba madaktari hawana hatia. Kati ya hapo ni wiki kumi na mbili hivi, na kila mzee ana habari yake ya hizo wiki. Mama wa bibi alikuwa nesi. Wagonjwa wakawa wanashusha mikono ya mashati wakimwona na sindano, wanasema tutasubiri nesi mwingine. Jioni moja yule mzee wa Kiuzbeki akaja na mjukuu wake mwenye homa, akasema mdunge hapa hapa nje, kwenye kile kitanda cha mbao, watu wote wanaona. Na yule mama wa Kirusi, ambaye bibi alimpenda kuliko wote, aliyemfundisha kushona, hakuingia kwao mpaka Aprili. Alivyokuja alileta mayai ya Pasaka yao yaliyopakwa rangi, na hakueleza chochote, na mama aliyapokea.

Hapa nisikilizeni vizuri. Nilipoandika hilo nilitaka kumuuliza, sasa bibi, wewe si ulisema wote mlikuwa sawa? Namshukuru Mungu sikuuliza. Yote mawili ni kweli. Ua ule ulimlea kweli, na mlango ulifungwa kweli, tena ni watu walewale. Ukimlazimisha achague moja atachagua lile zuri, maana ndilo la utoto wake, na daftari lako litabaki na nusu. Andika "tulikuwa sawa" kama alivyosema, halafu chini yake andika habari ya sindano kama alivyosema. Usiunganishe na "lakini".

Mstari wa tano nao uelewe. Pasi ya ndani ya Kisovieti, yaani kitambulisho cha raia, iliyoanza 1932, ilikuwa na kipengele cha taifa, na kwenye fomu kilikuwa cha tano, ndio maana watu wanaita mstari wa tano. Myahudi pale ni taifa, halina uhusiano na kusali. Baba na mama wakiwa Wayahudi wewe umeandikwa, hata kama hujawahi kuona sinagogi, na sinagogi zenyewe zilikuwa chache. Wazazi wakiwa mataifa mawili tofauti, ukifika miaka 16 unachagua la mmoja wao. Kwa hiyo muulize ulipata pasi lini, nani alikusindikiza, karani aliuliza nini. Na kama walikuwa wamechanganya, muulize ndugu zake walichagua nini, manake unaweza kukuta tumbo moja kaka Mrusi dada Myahudi. Wenyewe walikuwa na msemo, mtu wa hivyo ni "mlemavu wa kundi la tano", wakati serikali ilikuwa na makundi matatu tu ya ulemavu. Bibi alimaliza shule na alama za juu, akaomba udaktari, hakuchukuliwa, akaenda kusomea mambo ya viwanda vya nguo. Kwenye karatasi hawakuandika sababu. Mwandikie hivyo hivyo, kwamba haikuandikwa.

Vya mwisho vya kiufundi

Wazee hawakumbuki miaka, wanakumbuka matukio. Kwa mtu wa Tashkent mpe tetemeko: 26 Aprili 1966, alfajiri. Kila kitu muulize, hii ni kabla ya tetemeko au baada? Nyumba za udongo zilianguka, watu kama 300,000 wakakosa makazi, mji ukajengwa upya na mafundi wa jamhuri zote za Sovieti, na wale wa uani wakagawanywa kwenye maghorofa mapya, wengine Chilanzar, wengine kwingine. Ua wa bibi uliishia hapo.

Kuna kadi za wakimbizi walioandikishwa Tashkent wakati wa vita, zaidi ya majina 150,000, na jumba la makumbusho ya Holocaust, yale mauaji ya Wayahudi, kule Washington lina nakala zake, unaweza kutafuta jina. Tahadhari moja, Kirusi hakina herufi H, kwa hiyo Herman inaandikwa German, na ukirudisha kwenye herufi zetu linaweza kutokea lolote. Jaribu kwa H, kwa G na kwa Kh kabla hujakata tamaa.

Mjukuu akitafsiri ni vizuri kwa habari za chakula na michezo, ila kwa mambo mazito mzee hasemi mbele ya mjukuu, na mjukuu naye anapunguza. Mimi nilimruhusu aseme kwa Kirusi kwenye simu sielewi kitu, nikatafuta mtu wa kutafsiri baadaye.

Na kuna mlango usiuguse. Bibi mzaa mama yake alibaki Kharkiv, alisema ni mzee, Wajerumani aliwajua tangu vita ya kwanza, walikuwa watu wastaarabu. Desemba 1941 na Januari 1942 Wayahudi waliobaki Kharkiv waliuawa kwenye bonde la Drobytsky Yar. Haya niliyasoma mwenyewe. Yeye alichoniambia ni kwamba mama yake aliandika barua mpaka 1944. Nilifunga daftari, nikachemsha chai, tukakaa. Hiyo sentensi ya barua ndiyo iko kwenye daftari, sijaongeza kitu.

Ukimaliza chapisha kwa herufi kubwa kubwa, umsomee yote tangu mwanzo, na kalamu nyekundu umpe yeye. Bibi alisikiliza siku tatu. Kwenye habari za sindano na mstari wa tano hakugusa. Alinisimamisha kwenye mchoro, akachukua kalamu, akafuta mlango wa yule mjane wa Kitatari akauchora upande wa pili wa mforosadi, akasema hapa, hapa ndipo jua la asubuhi lilipopiga, alikuwa anaanika aprikoti ndogo za njano mlangoni, zile zenye kokwa moja, angezianikaje kivulini?